Kutoka shaba njano hadi fedha: pete ya ukuta wa Thimlich na hereni za mafunjo

Swali: "Mimi ni fundi wa shaba njano hapa Kisumu, natengeneza bangili na hereni. Mteja ameniagiza pete ya fedha yenye sura ya ukuta wa mawe wa Thimlich Ohinga, lile boma la kale la Migori, pamoja na hereni za mafunjo. Nimejaribu kwa vipande vidogo. Lehemu inakimbilia upande mmoja, waya nyembamba za mafunjo zinayeyuka kabla kiungo hakijashika, na nikishang'arisha, doa la kijivu lenye uzambarau linajitokeza. Nakosea wapi, na kazi kama hii hupangwa vipi tangu mwanzo?"

Jibu: Ndugu fundi, mkono wako hauna kasoro. Kinachokuangusha ni mazoea ya shaba njano. Fedha hupitisha joto karibu mara 3 zaidi ya shaba njano, na tofauti hiyo ndiyo inayozaa mawili ya kwanza kati ya matatizo yako.

Kwenye shaba njano umezoea kuelekeza moto kwenye kiungo. Joto linabaki pale pale, kiungo kinawaka, lehemu inashika. Ukifanya hivyo kwenye fedha, joto linakimbia hadi ncha ya mwisho ya kipande, na kiungo hakitafika kiwango chake mpaka kazi nzima iwe imekaribia kiwango hicho. Fundi akiona lehemu imekataa huongeza moto mahali palepale. Waya nyembamba iliyo karibu haina pa kupeleka joto, kwa hiyo inajikunja na kuwa tone huku bamba nene la jirani bado halijapata moto wa kutosha. Lehemu nayo hufuata joto: itakimbilia upande uliotangulia kupata moto, na mara nyingi huo ni upande mwembamba.

Nafasi yako ya kukosea pia ni ndogo. Fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha halisi na 75 za shaba nyekundu katika kila 1000, huanza kulegea karibu digrii 800 za Selsiasi na kuwa majimaji kabisa karibu digrii 895. Lehemu ngumu ya fedha hutiririka kati ya digrii 745 na 780, ya kati karibu 720 hadi 765, na ile rahisi karibu 705 hadi 725, kutegemea mtengenezaji. Ukitumia lehemu ngumu, kati ya kiungo kizuri na kazi iliyoharibika kuna digrii chache tu.

Kwa hiyo pasha kazi nzima. Ilaze juu ya kipande cha mkaa kilichosawazishwa uso na kuzungushiwa waya wa chuma ili kisipasuke. Mkaa hurudisha joto kwa chini na kupunguza oksijeni kuzunguka kazi. Tochi ya gesi ya kawaida inatosha kwa pete na hereni, ilimradi moto uwe mpana na laini, wa buluu wenye umanjano kidogo nchani. Moto mkali unaopiga mluzi huleta oksijeni nyingi, na oksijeni ndiyo mama wa lile doa lako. Fanya kazi mahali penye kivuli. Kwenye mwanga wa jua hutaona wekundu wa fedha mpaka umechelewa.

Zungusha moto ukianzia sehemu nene. Boraksi uliyoipaka kwenye kiungo ili lehemu itiririke itachemka kwanza na kufura nyeupe, na hapo chembe za lehemu huweza kuruka, basi zirudishe kwa ncha ya chuma. Kisha boraksi itatulia na kuwa angavu kama kioo. Sasa sogeza moto karibu zaidi, bado ukizunguka, na mwishoni tu upitishe juu ya kiungo. Lehemu ikitiririka utaona mstari unaong'aa ukipita ghafla kwenye kiungo. Ondoa moto papo hapo. Ukiona uso wa fedha yenyewe umeanza kumeremeta na kutetemeka, umebakiza sekunde moja.

Kiungo lazima kikae sawa kabla ya moto. Kwenye shaba njano unaweza kuziba pengo kwa kuongeza madini ya kujazia. Lehemu ya fedha haijazi pengo, huvutwa ndani ya nafasi nyembamba sana. Inua kazi kwenye mwanga, na ukiona mwanga ukipenya kwenye kiungo, rudi kwenye tupa.

Jambo moja la karakana yako nalitilia mkazo kabla hatujafika kwenye umbo. Kama meza hiyo hutumika kulehemu kwa risasi, au tupa zako zimepita kwenye risasi, usilete fedha hapo. Chembe ya risasi iliyokaa juu ya fedha ikipata moto huila na kuacha mashimo ambayo hayazibiki, na fedha yenyewe huwa rahisi kuvunjika. Tenga tupa, brashi na mkaa wa fedha peke yake. Na unaponunua lehemu, uliza kama ina kadimiamu. Ikiwa nayo, iache, kwa sababu moshi wake ni sumu ya mapafu na figo.

Sasa doa. Hilo ni shaba nyekundu iliyo ndani ya fedha ya 925. Ikipata moto pamoja na hewa, oksijeni hupenya chini ya uso na kuikamata shaba hiyo. Asidi husafisha oksaidi ya juu tu, kipande kikatoka cheupe kizuri, kisha ukakipeleka kwenye brashi ya kung'arisha. Unapong'arisha unaondoa ngozi nyeupe na kufunua tabaka lililoathirika, ndiyo maana doa huonekana mwishoni wakati ulidhani umemaliza. Kulizuia ni rahisi kuliko kulifukuza: koroga unga wa asidi ya boriki ndani ya spiriti ya methili mpaka unga uache kuyeyuka, chovya kazi, funika chombo na ukiweke mbali kabisa, kisha washa kipande. Kitaungua kwa moto wa kijani na kuachwa na vumbi jeupe kote. Halafu weka boraksi kwenye kiungo na uendelee. Rudia kabla ya kila moto, si mara ya kwanza tu.

Doa likiwa limeshaingia, kwenye uso laini lisugue kwa msasa mpaka liishe. Kwenye kazi yenye mikwaruzo na nyufa kama pete yako, msasa utafuta sura yote. Hapo tumia njia nyingine: pasha kipande bila boraksi mpaka uso uwe wa kijivu, kabla haujawa mwekundu, kizamishe kwenye asidi, kisugue kwa brashi ya waya wa shaba njano na maji ya sabuni, kisha rudia mara 4 hadi 6. Kila mzunguko asidi huondoa shaba iliyo juu na kuacha ngozi ya fedha karibu tupu. Baada ya hapo usiguse kwa mashine ya kung'arisha.

Asidi yenyewe si lazima iwe ya betri. Asidi ya sitriki ya unga, vijiko 2 au 3 vikubwa katika nusu lita ya maji ya moto, hufanya kazi hiyo taratibu na kwa usalama zaidi. Usitumbukize kibano cha chuma wala waya wa kufungia humo: chuma ndani ya asidi iliyokwisha kula shaba hufunika fedha yako kwa ngozi nyekundu. Tumia kibano cha plastiki, cha mbao au cha shaba nyekundu.

Tuje kwenye hereni. Chukua shina moja la mafunjo ufukweni ulikate kwa kisu kikali na uangalie sehemu iliyokatwa. Shina lina pembe tatu, si duara. Juu yake, nyuzi zote zinachomoza mahali pamoja, na mwanzo wao umefunikwa na majani mafupi ya kahawia yaliyoshikana kama kikuku. Mmea umekuonyesha pa kuweka kiungo na namna ya kukificha. Mafundi wengi huchora shungi la mafunjo kama feni na kulehemu kila waya kwenye shina, viungo 15 kwenye sehemu nyembamba kuliko zote. Huko ni kujitafutia balaa.

Tengeneza kikuku kwanza: mrija wa fedha wenye kipenyo cha ndani cha milimita 3, cha nje milimita 4, urefu milimita 5. Waya 19 za milimita 0.6 zikipangwa moja katikati, 6 kuizunguka na 12 kuzizunguka hizo, hujaza mrija wa milimita 3 sawasawa. Kata kila waya milimita 27. Kabla ya kuzifunga, tengeneza shanga kwenye ncha ya nje ili zisinase nywele na nguo: chovya ncha kwenye boraksi, ishike waya wima ncha ikiwa chini, leta moto kwa chini, na tone likifika milimita 1 ondoa. Shanga itakula karibu milimita 2 za kila waya, na waya yenyewe itabaki 25 bila kuhesabu shanga.

Shina hutoka kwenye waya ya duara ya milimita 2. Tupa ya pembe tatu ya kawaida ina nyuzi 60, kwa hiyo ukikwaruza nayo mfereji kwenye kipande cha chuma, kina milimita 2.3 hivi, umepata kalibu yako. Laza waya iliyolainishwa kwa moto ndani ya mfereji, gonga juu kwa nyundo bapa, igeuze upande, gonga tena. Ikianza kuwa ngumu, ilainishe tena: wekundu hafifu unaoonekana kivulini tu, karibu digrii 600 hadi 650. Ukilazimisha waya iliyokakamaa, itapasuka pembeni kwa nyufa ndogo ambazo utaziona baada ya kung'arisha. Pembe tatu ikikamilika itakuwa pana kidogo kuliko mrija, hivyo punguza pembe zake kwa tupa sehemu ya milimita 2 za juu, mpaka iingie kwa kubana.

Kulehemu shungi ndiko kunakohitaji utulivu. Funga waya 19 pamoja, sawazisha ncha za chini kwa tupa, ziingize milimita 3 ndani ya mrija. Hatari iliyopo si kuyeyuka pekee. Nafasi kati ya waya zilizobanana ni nyembamba sana, na lehemu hupenda nafasi za namna hiyo: itapanda juu katikati yao na kuzigeuza fimbo moja isiyoweza kutawanyika. Paka waya udongo mwembamba wa mfinyanzi uliokorogwa na maji kuanzia milimita 1 juu ya mdomo wa mrija hadi kwenye shanga, uache ukauke. Lehemu haipiti juu ya udongo. Weka chembe 2 za lehemu ngumu, kila moja karibu milimita 1 ya mraba, kwenye upande wa ndani wa mrija palipo wazi chini ya waya. Elekeza moto kwenye mrija kutoka upande huo wa shina, shungi likiwa limeupa moto kisogo.

Baada ya hapo ingiza shina na ulehemu kwa lehemu ya kati. Mshipi wa sikio, yaani kijiti kinachopita kwenye tundu la sikio, waya ya milimita 0.8 yenye urefu wa milimita 11, unakaa nyuma ya kikuku na kushikwa kwa lehemu rahisi. Hapo shungi litafunika ndewe ya sikio na shina litaning'inia chini, uzito ukivuta wima badala ya kupindua hereni mbele. Mshipi ukitoka motoni ni laini na utapinda siku ya kwanza. Ushike kwa koleo bapa na uusokote nusu mzunguko. Utakakamaa, na kiungo kikiwa kibovu kitaachia mikononi mwako badala ya kuachia kwa mteja. Ukimaliza, tawanya waya kwa kibano ukianza na zile 12 za nje. Hereni nzima itakuwa karibu gramu 3, kutegemea urefu wa shina, uzito ambao sikio linaubeba kutwa bila kulalamika.

Pete ya ukuta ni kazi ya aina nyingine, na hapa nashauri uende Migori ukautazame ukuta wenyewe badala ya kutegemea picha za simu. Thimlich Ohinga iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Mawe hayakuchongwa, wala hakuna udongo wala saruji kati yake. Kuna safu ya nje, safu ya ndani, na katikati mawe madogo ya kujazia, na kuta zinasimama kwa jinsi mawe yalivyoshikana. Nenda asubuhi au jioni, jua likiwa limelala. Saa sita mchana vivuli vimepotea, na kinachoupa ukuta huo sura ni kivuli kilicho kati ya mawe.

Hivyo usijaribu kulehemu mawe madogo moja moja kwenye pete. Yatakuwa viungo 40, na lehemu itajaza nafasi zote na kuua kile kivuli. Tumia mabamba mawili: la chini milimita 1.0, la juu milimita 0.8. Mistari ya mawe unaikata kwa msumeno wa sonara kwenye bamba la juu, kisha unalibandika juu ya la chini.

Kwa pete yenye kipenyo cha ndani cha milimita 18 na unene wa jumla wa 1.8, urefu wa bamba ni 18 ongeza 1.8, mara 3.14: milimita 62.2. Ongeza nusu milimita ya kusawazisha kiungo. Kwa upana wa milimita 7, kazi itakuwa na uzito wa karibu gramu 8. Kata mistari kwa wembe wa msumeno namba 2/0, na usiipanue kwa tupa. Pete ikikunjwa, uso wa nje unafika milimita 68 hivi, na sehemu kubwa ya mnyooko huo huishia kwenye nyufa. Ufa ulioonekana mwembamba mezani utakuwa wa kutosha kidoleni.

Mambo mawili yataamua kama pete itakubali. Kwanza, nyufa za wima zisifuatane kutoka safu moja hadi nyingine. Mwashi hapangi hivyo kwa sababu ukuta utapasuka kwenye mstari huo. Kwenye pete, bamba litajikunja kwa pembe kali pale nyufa zilipofuatana, na pete itakuwa na kona badala ya duara. Pili, usizungushe jiwe lote kwa msumeno, maana litaanguka. Acha daraja la milimita 0.8 kila upande wa jiwe. Mabamba yakishashikana, kata madaraja hayo kwa patasi ndogo ya kuchorea au ukingo wa tupa nyembamba.

Kubandika kunafanyika bapa. Yeyusha lehemu ngumu kwanza nyuma ya bamba la juu, katikati ya kila jiwe na mbali na nyufa, kisha isawazishe kwa tupa mpaka ibaki kama utando. Kwenye bamba la chini, chora kwa penseli mahali nyufa zitakapokaa, kwa kuwa lehemu hukwepa penseli. Paka boraksi, panga mabamba, yainue juu ya wavu wa chuma na upashe kwa chini. Ukiona mstari unaong'aa ukizunguka kingo zote, gandamiza kwa ncha ya chuma na uondoe moto. Muhuri wa 925 ugonge upande wa ndani mapema, bamba la chini likiwa bado peke yake. Ukigonga baadaye utatia bonde kwenye mawe.

Lainisha kwa moto, kunja taratibu kwenye fimbo ya pete kwa nyundo ya mbao au ngozi, lainisha tena katikati ya safari. Kulainisha hakufiki kiwango cha lehemu ngumu, kwa hiyo usiogope. Kiungo cha kufunga pete kipange kianguke kwenye ufa wa wima, ukifunge kwa lehemu ya kati, kisha upitishe msumeno juu yake ili ufa urudi. Hakuna atakayekiona.

Weusi wa nyufa hupatikana kwa kiini cha yai lililochemshwa sana. Kiponde, kiweke kwenye chupa yenye kifuniko pamoja na pete bila kugusana, na salfa ya yai itaifanya fedha kuwa nyeusi ndani ya saa chache. Kisha funga msasa namba 1000 kwenye kijiti bapa na usugue vichwa vya mawe tu. Hereni za mafunjo ziache nyeupe, maana weusi kati ya waya 19 hautoki ukibadili nia.

Kabla ya yote hayo, pima kidole kwa pete ya majaribio ya shaba nyekundu yenye upana uleule wa milimita 7, si kwa kipimo chembamba cha dukani. Pete pana hubana zaidi, na kidole cha asubuhi ni chembamba kuliko cha jioni. Mwachie mteja aivae siku nzima. Ukuta ukishakatwa na kukunjwa hauwezi kutanuliwa kwa nyundo bila mawe kuachia.